Je, Wajua? Shamba la Ukoo Lililofika Mahakama Kuu

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake akashtaki: kwa mila, mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Mwanamume je? Huyo aliruhusiwa! Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliibatilisha mila hiyo, akiegemea Ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi. Ukoo nao hakuupuuza: mpwa alipewa miezi 6 alikomboe shamba kwa bei ileile. Busara tupu, naona mimi. Mama wa Igoma, ukinyimwa urithi kwa kisingizio cha mila, hukumu hiyo ilitolewa mjini kwenu. Itaje.