Kabla ya Kuchimba Msingi: Mashauri kwa Mwenye Kujenga Liwatoni

Kujenga nyumba ni kazi ambayo watu wengi huifanya mara moja tu katika maisha yao, tena kwa akiba ya miaka mingi. Kanzu ikishonwa vibaya yaweza kufumuliwa. Lakini ukuta uliosimama mahali pasipofaa hubaki hapo, na wajukuu watauzunguka kama alivyouzunguka babu yao. Ndiyo sababu kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ile inayofanywa kabla fundi hajafika na sururu yake.

Liwatoni iko upande wa kusini-magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, ikitazama maji ya Kilindini na ng'ambo ya Mtongwe. Mwaka 2021 lilifunguliwa huko daraja la kuelea la waendao kwa miguu, na jina la mtaa likasikika nchi nzima. Kisiwa hakiongezeki, wala ardhi yake si rahisi. Mwenye kiwanja kidogo cha kisiwani hana nafasi ya kukosea, kwa maana futi chache zilizopotea huenda zikawa ndicho chumba cha mtoto.

Jambo la kwanza ni ardhi yenyewe. Hapa Pwani pana habari ya zamani ambayo kila mjenzi yampasa kuijua. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wapeleke madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Isitoshe, Mombasa imezoea desturi ya nyumba bila ardhi, yaani mtu hujenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kulipa kodi ya ardhi. Wengi wameishi hivyo kwa amani. Lakini mwenye ardhi akifariki, au akiuza, mwenye nyumba aweza kujikuta ana kuta na paa tu, hana mahali pa kuziweka. Basi kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na aende kwa msajili wa ardhi aone kwa macho yake ni jina la nani lililoandikwa na kama kuna deni juu ya kiwanja. Halafu amwite mpima ardhi amwonyeshe mawe ya mpaka. Maneno matamu ya dalali si hati.

Jambo la pili ni jua na upepo. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili hata karibu na Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hata Machi. Chumba chenye dirisha moja tu hakipati faida ya upepo wo wote, kwa sababu upepo hauingii pasipo na njia ya kutokea. Madirisha yatazamane, au yawe katika kuta mbili.

Hapo ndipo mjenzi wa Liwatoni anapokutana na mtihani wake. Bahari iko upande ule ule ambako jua la jioni huzama katika miezi ya joto kali. Mwezi wa Januari jua hutua kusini-magharibi, nalo huingia chini kwa chini hadi ndani kabisa ya chumba. Mtu akiweka dirisha kubwa la kioo ili aone merikebu, atayaona, lakini usiku atalala juu ya godoro lenye moto. Dawa yake ni baraza pana upande huo, au roshani yenye mbao za kukinga jua, na vyumba vya kulala kuwekwa pengine. Kuta za kaskazini na kusini ni rahisi zaidi: mwezi Juni, jua la adhuhuri likiwa limeelekea kaskazini, upenu uliotokeza mita 1 hutia kivuli karibu mita 2 za ukuta.

Wazee wa Mji wa Kale walikwisha kuyajua haya. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, wakaacha kiwambaza au daka la kukinga macho ya mpita njia, na uwani wa kuleta hewa. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mikoko hazikuweza kuvuka zaidi ya futi 10 hivi. Leo zege la chuma limeondoa mpaka huo, lakini halikuondoa joto, wala haja ya stara. Mwenye kujenga na akatazame nyumba hizo kabla ya kuiga picha ya nyumba ya nchi ya baridi.

Jambo la tatu ni maji na chumvi. Mifereji ya Mombasa imezoea kukauka, kwa hiyo mahali pa tangi pafikiriwe mapema, si baada ya nyumba kwisha. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 200 za masika, ni lita 20,000, ukiacha zinazopotea. Ndani ya Ngome ya Yesu lipo birika la kukusanyia maji ya mvua mpaka leo. Tena fundi akatazwe kabisa kutia mchanga wa pwani katika zege. Chumvi yake huozesha chuma, chuma kikifura hupasua nguzo.

Mwisho, ramani. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 yataka kibali cha Kaunti kabla ya kujenga, na mchoro uliotengenezwa na mstadi aliyesajiliwa. Wengine huona ni gharama ya bure. Lakini kufuta mstari katika karatasi ni rahisi kuliko kubomoa ukuta. Mchoro uonyeshe pia ngazi ya baadaye, ikiwa familia itapanda juu, na msingi upimwe kwa mzigo huo tangu mwanzo.

Ramani ikikubaliwa, mume na mke na waende kiwanjani na mambo na kamba. Wapigilie vyumba vyote chini, walaze mkeka mahali pa kitanda, wafungue mlango wa kufikiri, watembee toka jikoni hata mezani. Palipobana, waseme siku hiyo hiyo. Kamba husogezwa kwa mkono mmoja.