Giaboksi ya otomatiki: Jua kwanza kilichounguza pleti

WAFANYABIASHARA wengi wa mazao hutumia magari madogo ya mtumba kutoka Japani, kama Toyota Noah, na mengi kati ya hayo yana giaboksi ya otomatiki. Gari lililotengenezwa kubeba familia hupanda mlima wa Mombo hadi Lushoto likiwa na mifuko ya mbolea, kisha hushuka na matenga ya mboga. Kazi hiyo ikizidi, giaboksi huanza kulalamika.

Dalili zinajulikana. Dereva akiweka D, gari huchelewa kushika. Mlimani injini hunguruma lakini mwendo hauongezeki. Oili ambayo ilikuwa nyekundu imekuwa nyeusi na inanuka kuungua.

Hali ikifika hapo, kubadilisha oili peke yake hakuwezi kurudisha pleti zilizoungua. Mwenye gari hubaki na njia mbili: kununua giaboksi ya mtumba, au kushusha iliyopo na kuifanyia matengenezo kamili. Zote mbili zinaweza kumeza mtaji wa msimu mzima zikifanywa kwa pupa.

Pleti zinavyofanya kazi

Ndani ya giaboksi hiyo kuna mafungu kadhaa ya pleti nyembamba zilizopangwa kwa kupokezana: moja ya chuma kitupu, inayofuata ina utando wa kushika. Oili yenye shinikizo husukuma pistoni, pistoni hubana pleti, na gia hushika.

Utando huo kwa kawaida ni karatasi maalumu, iliyotengenezwa kwa nyuzi za mimea na nyuzi nyingine za viwandani, kisha ikagandishwa kwa gundi inayostahimili joto. Ina vitundu vidogo vinavyonyonya oili, na oili hiyo ndiyo inayobeba joto wakati pleti zinapobana.

Aina ipi inafaa?

Wapo wanaotafuta pleti “ngumu zaidi” wakidhani zitadumu. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Pleti zenye nyuzi za aramidi au kaboni huvumilia joto kali, lakini zikiwekwa kwenye giaboksi isiyopangwa kwa ajili yake, gia zinaweza kuingia kwa kishindo au gari likatetemeka. Pleti za unga wa shaba nyeusi hutumika kwenye baadhi ya matrekta na mitambo mizito. Hazifai kuwekwa kwenye gari dogo.

Kwa gari la mzigo mdogo, chaguo la busara ni pleti za karatasi zenye ubora sawa na za kiwandani. Mnunuzi aende dukani na pleti ya zamani, alinganishe unene, idadi ya meno na mifereji iliyochorwa juu ya utando.

Oili nayo ni sehemu ya uchaguzi huo. Kila aina ina viungo vinavyoamua pleti zitashika kwa ukali au kwa ulaini. Isiyostahili huweza kufanya hata pleti mpya ziteleze. Itumike ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti cha kupimia. Giaboksi za CVT, ambazo hutumia mkanda au mnyororo wa chuma, zina oili yake.

Kazi ya fundi

Kabla ya kununua chochote, fundi aeleze kilichounguza pleti za zamani. Sili ya pistoni iliyokauka huvujisha shinikizo, pleti hazibanwi sawasawa, zinateleza na kuungua. Oili pungufu, filta iliyoziba, kipozeo cha oili kilichoziba na mzigo kupita kiasi huleta matokeo yaleyale. Chanzo kisipoondolewa, pleti mpya za aina yoyote zitafuata njia hiyohiyo.

Katika matengenezo kamili, sili, gasketi na filta hubadilishwa zote. Pleti za chuma zenye madoa ya bluu, ambayo ni alama ya joto, hutupwa. Pampu na bushi hukaguliwa. Konveta, kile chombo cha duara kati ya injini na giaboksi, huficha uchafu ambao ni vigumu kuuosha. Ibadilishwe, au ipasuliwe na kutengenezwa upya. Kipozeo, ambacho mara nyingi kimo ndani ya rejeta, kisafishwe.

Pleti mpya hulowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa. Kisha fundi hupima nafasi kati yake kama kitabu cha giaboksi hiyo kinavyoagiza. Fundi asiye na kipimo wala kitabu anabahatisha kwa fedha za mteja.

Giaboksi ya mtumba huokoa siku, lakini mnunuzi haoni pleti zilizomo. Alinganishe namba yake na ile iliyo kwenye kibati cha gari, avue sampu na kunusa oili, na adai dhamana ya maandishi.

Gari likirudi barabarani, mzigo usizidi uwezo wake, na mlima mrefu upandwe kwa gia ya chini. Safari moja ya ziada yenye mzigo wa kawaida ni nafuu kuliko kushusha giaboksi mara ya pili.