Kasoma uongozi, karudi wodi ileile

Tarime/Serengeti. Mama anapopata ruhusa ya masomo, nyumba nzima huanza kupiga hesabu. Akirudi atapanda cheo, mshahara utaongezeka, mkopo wa Saccos utalipika. Hesabu hiyo mara nyingi hukosea.

Kwa muuguzi wa wilaya hizi, mwanzo wa safari uko jirani. Tarime mjini kuna chuo cha uuguzi, na Mugumu kuna Chuo cha Kisare. Anayetaka shahada, ambako masomo ya uongozi na usimamizi hupewa uzito zaidi, lazima aiache familia: aende Bugando, Mwanza, au Dar es Salaam, Muhimbili na Aga Khan, chuo ambacho tangu 2001 kinawasomesha wauguzi walio kazini Tanzania, Kenya na Uganda.

Akimaliza, anakwenda wapi? Ngazi inayofahamika ni mfawidhi wa wodi, muuguzi mfawidhi wa hospitali, kisha Muuguzi Mkuu wa Halmashauri. Tarime ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya. Serengeti ina moja. Basi viti vya juu ni vitatu tu, na vyote vina wenyewe.

Wengine huenda kufundisha vyuoni, wengine mashirika, wengine huomba uhamisho wa mjini na hawarudi. Anayebaki husubiri kubadilishiwa muundo, na hilo hutegemea nafasi iwemo kwenye ikama na bajeti. Wakati huo shahada iko kabatini, mshahara ni wa zamani.

Lakini fedha si kero pekee, na mimi naona si kubwa kuliko zote. Anayeumia zaidi ni aliyefundishwa kupanga, akarudi mahali asipopanga hata zamu. Chukua Desemba, msimu wa ukeketaji. Muuguzi mwenye madaraka anaweza kuongeza watu zamu ya usiku, kuweka damu tayari na kuzungumza mapema na mtendaji wa kata. Asiye nayo humpokea binti anayevuja damu kwa vifaa alivyovikuta.

Kabla ya kusaini fomu, nenda na mwenzi wako kwa ofisa utumishi. Ulizeni nafasi mpya imeombewa bajeti ya mwaka gani, na ukirudi utapangiwa wapi. Jibu lake liombeni kwa maandishi.