Je, Wajua? Afisa wa Vifaru Aliyeng'oa Watawala Kabul

Je, wajua kwamba afisa mmoja wa Afghanistan alisaidia kumweka rais madarakani, kisha akamng'oa? Mohammad Aslam Watanjar, mzaliwa wa Paktia, alikuwa miongoni mwa wanajeshi vijana waliomwezesha Mohammad Daoud Khan kumpindua binamu yake, Mfalme Zahir Shah, Julai 1973. Aprili 27, 1978, Watanjar aliongoza vifaru kuizingira ikulu ya Daoud huyo huyo, ambaye aliuawa pamoja na jamaa zake wengi.

Je, wajua kwamba sauti ya Watanjar ndiyo iliyotangaza mapinduzi hayo? Saa 1 jioni alilisoma tangazo redioni kwa Kipashto, naye Kanali Abdul Qadir wa jeshi la anga akalisoma kwa Kidari. Qadir alishika uongozi wa nchi kwa siku tatu tu, kisha akamwachia kiongozi wa chama cha kikomunisti, Nur Muhammad Taraki.

Je, wajua kwamba Watanjar, aliyekuwa waziri baada ya mapinduzi hayo, alitoroshwa akiwa ndani ya sanduku? Septemba 1979 Waziri Mkuu Hafizullah Amin alimpokonya Taraki madaraka. Watanjar na wenzake wawili waliomuunga mkono Taraki, Gulabzoy na Sarwari, wakakimbilia kwa Wasovieti. Majasusi wa KGB waliwaficha ndani ya masanduku, wakayapakia kwenye lori hadi uwanja wa ndege wa Bagram, na kuwasafirisha nje ya nchi. Desemba mwaka huohuo majeshi ya Usovieti yaliingia, Amin akauawa, na Watanjar akarejea serikalini.

Je, wajua kwamba safari moja alikataa kupindua? Machi 1990 Waziri wa Ulinzi, Shahnawaz Tanai, aliyekuwa kama Watanjar wa kundi la Khalq ndani ya chama tawala, alijaribu kumwangusha Rais Najibullah. Jaribio liliposhindwa, Tanai alikimbilia Pakistan. Watanjar, aliyebaki upande wa rais, akapewa wizara hiyo ya ulinzi.

Je, wajua kwamba Daoud, Taraki, Amin na Najibullah wote waliuawa? Watanjar, ambaye hakuwahi kuwa mkuu wa nchi, alifariki kwa maradhi uhamishoni Ukraine mwaka 2000. Gharama kubwa zaidi waliibeba raia: vita vilivyofuata mapinduzi ya 1978 viliwafanya mamilioni ya Waafghani kuwa wakimbizi, wengi wao Pakistan na Iran.