Ndege ikigonga mlima, nani anamchunguza nani?

1/ Kila ajali ya ndege ikitokea, mjadala ni uleule. Huku: "Waziri ajiuzulu!" Kule: "Tungojeni uchunguzi." Sawa, lakini uchunguzi wa nani, na unatafuta nini? Uzi mfupi.

2/ Chukua Juni 2018. Cessna Caravan ilitoka Kitale jioni ya tarehe 5 ikielekea Nairobi, abiria 8 na marubani 2. Haikufika. Mabaki yalipatikana tarehe 7 juu kwenye milima ya Aberdare, inayofika karibu mita 4,000. Hali mbaya ya hewa ilitatiza msako. Hakuna aliyenusurika.

3/ Hapa watu huchanganya mambo mawili. Uchunguzi wa kiufundi, kulingana na Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, una lengo moja tu: kuzuia ajali nyingine. Hautafuti wa kulaumiwa. Fidia na makosa ya jinai ni kazi ya mahakama na polisi. Kwa hivyo ripoti isipomtaja mkosaji, hiyo peke yake si ishara kwamba kuna kitu kimefichwa.

4/ Kuchelewa nako? Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Isipowezekana, taarifa itolewe kwa umma kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Familia zina haki ya kuuliza hiyo taarifa iko wapi.

5/ Sasa siasa yenyewe. KCAA hutoa leseni, hukagua kampuni za ndege, na pia huongoza ndege angani. Idara ya kuchunguza ajali, AAID, iko chini ya wizara ya uchukuzi. KCAA nayo iko chini ya wizara hiyohiyo. Je, kosa likiwa la mwongozaji wa ndege?

6/ Wengine watasema kesi ya nyani hakimu ngedere. Si lazima wachunguzi wawe wabaya. Shida ni kwamba hata wakifanya kazi safi, raia hana njia rahisi ya kuamini. Marekani iliitoa bodi yake, NTSB, nje ya wizara mwaka 1975.

7/ Upande wa pili una hoja pia: bodi mpya ni bajeti mpya, na wataalamu ni wachache. Kweli kabisa. Lakini uhuru unaweza kuanza na sheria: nani anamteua mkuu wa uchunguzi, nani anaweza kumfuta, na ripoti inachapishwa bila kungoja ruhusa ya nani.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akikuahidi "uchunguzi wa kina", usipige makofi bado. Muulize hayo matatu kwanza.