Gari linalojiendesha likigonga, nani alipe?

Wenye hisa za kampuni za magari na za bima wana swali jipya la kujiuliza: gari linalojiendesha likisababisha ajali, fidia inatoka mfukoni mwa nani?

Kwa desturi, dereva mzembe ndiye hubeba lawama na bima yake hulipa. Mtengenezaji hudaiwa pale tu inapothibitika kuwa gari lilikuwa na kasoro. Kompyuta inaposhika usukani, mzigo huo huanza kumhamia mtengenezaji.

Mfano ni kesi ya Tesla iliyoamuliwa Miami, Marekani, Agosti 2025. Mwaka 2019 gari lililokuwa likitumia mfumo wa Autopilot liliua mtu mmoja na kumjeruhi mwingine huko Florida. Mfumo huo humsaidia dereva tu, naye anatakiwa kutazama barabara, lakini wakati ule alikuwa ameinama kutafuta simu yake. Mahakama iligawa lawama: dereva asilimia 67, Tesla asilimia 33. Katika fidia ya dola milioni 129, fungu la Tesla lilikuwa kiasi cha dola milioni 43. Ikaongezewa adhabu ya dola milioni 200. Tesla ilisema itakata rufaa.

Uingereza imefuata njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 2018, kampuni ya bima humlipa kwanza majeruhi, kisha yenyewe humdai mwenye kosa, akiwamo mtengenezaji. Majeruhi hasubiri wakubwa wamalize kubishana.

Hata hivyo, fidia huenda isiwe hasara kubwa kuliko zote. Oktoba 2023, mjini San Francisco, teksi isiyo na dereva ya Cruise, kampuni iliyokuwa chini ya General Motors, ilimburuta mwanamke aliyegongwa na gari jingine na kutupwa mbele yake. Jimbo la California lilisimamisha kibali cha Cruise mwezi huo huo. Desemba 2024 General Motors ilitangaza kuacha kugharimia teksi hizo, baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10.

Mwekezaji mdogo anashauriwa kusoma taarifa ya mwaka kabla ya kununua hisa: kampuni ina kesi gani, imetenga fedha kiasi gani, na kibali chake kina masharti gani. Sifa za gari huandikwa kurasa za mbele. Madai ya ajali hutafutwa nyuma, kwenye maelezo ya hesabu.