Bass moja, nyuzi zilezile: vyombo vyenye vilimupa James Jamerson sauti yake

Wimbo « My Girl » wa The Temptations, wenye ulitoka Marekani mwaka wa 1964, unaanza na bass peke yake. Gitare inafuata, kisha waimbaji wanaingia. Watu wengi sana wanajua ule mwanzo, lakini kwa miaka mingi ni wachache walijua jina la mutu mwenye aliupiga: James Jamerson. Alipiga bass katika nyimbo zaidi ya 20 zenye zilifika namba ya kwanza Marekani, na Paul McCartney wa The Beatles anamutaja kati ya wale walimufundisha kupiga.

Jamerson alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 kwenye kisiwa cha Edisto, katika jimbo la South Carolina. Mwaka wa 1954 alihamia Detroit, muji wa viwanda vya motokari. Huko kwenye masomo alianza kujifunza kontrabasi, ile bass kubwa ya mbao yenye mutu anapiga akiwa amesimama. Ni chombo chenye kinaomba nguvu ya mukono. Motown, nyumba ya muziki yenye Berry Gordy alianzisha mwaka wa 1959, ilimupata akiwa angali nacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliingia kwenye bass ya umeme.

Ile yenye alijulikana nayo ni Fender Precision ya mwaka wa 1962. Haikukuwa chombo cha pekee: ilikuwa bass ya kawaida ya dukani. Jamerson aliandika juu yake neno « Funk » kwa wino, na watu wakaiita « Funk Machine ».

Siri ya kwanza ilikuwa nyuzi. Alichagua nyuzi nene za La Bella, kuanzia inchi 0.052 mpaka inchi 0.110, zenye uso laini. Nyuzi zenye uso wa mikwaruzo zinatoa sauti kali yenye kungaa. Zile laini zinatoa sauti nzito na fupi, karibu na ile ya kontrabasi. Hakuzibadilisha, isipokuwa kama moja imekatika. Alizitegesha juu sana ya shingo ya gitare, namna yenye ingechokesha vidole vya wapigaji wengi. Chini ya kifuniko cha chuma kulikuwa kipande cha sponji, juu kila nota izimike mbio na kuachia ngoma nafasi. Na kwa mukono wa kuume alitumia kidole kimoja tu, kile cha shahada.

Kuhusu ampli, alichagua kufuatana na mahali. Kwenye vilabu vidogo alibeba Ampeg B-15, ampli ya lampu yenye wati 25 hivi na spika moja ya inchi 15. Kwenye sale kubwa alitumia Kustom yenye spika mbili za inchi 15. Kwa zote mbili alifungula sauti nzito mpaka mwisho, na ile nyembamba nusu. Lakini katika studio ya Motown, mara nyingi hakukuwa ampli hata moja: kamba ya bass iliingia moja kwa moja kwenye mashine ya kuchanganya sauti, na alipandisha mpaka sauti ikaanza kupasuka kidogo. Ile joto yenye watu wanasikia kwenye sahani za zamani ilitokea hapo.

Kushikamana na chaguo yake kulimugarimu. Mwaka wa 1972 Motown ilihamia Los Angeles, naye akafuata. Muziki ulikuwa unabadilika, na sauti ya bass yenye kungaa ndiyo ilianza kutafutwa. Wakati mutayarishaji mumoja alimuomba aweke nyuzi za namna mupya, alikataa. Kazi ilipunguka, na pombe ikaharibu afya yake. Siku chache mbele ya kifo chake, bass yake ya 1962 iliibiwa. Alikufa tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na miaka 47.

Sifa ilimufikia kwa kuchelewa. Katika miaka ya 1960, Motown haikukuwa na desturi ya kuandika majina ya wapigaji kwenye sahani. Lile la Jamerson lilionekana kwenye « What's Going On » ya Marvin Gaye, mwaka wa 1971. Mwaka wa 2000 aliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame.

Leo La Bella inauzisha nyuzi zenye jina lake. Kijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi mwenye anapiga bass ya mukono wa pili na ampli ya kanisa anaweza kujaribu kazi yake bila feza nyingi: kuacha nyuzi zizeeke, kuweka kipande cha sponji chini yake, kupunguza sauti nyembamba. Kinachobakia kinaomba miaka ya mazoezi kwenye chombo kimoja.